Nguruwe wa Kuazima: Sehemu ya Sita

Tangu wiki iliyopita simu ya mhariri haijapumzika. Akina mama wa parokia wanauliza mimi ni mke wa nani. Msomaji mmoja wa Lusewa ameandika kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nashukuru kwa methali. Aliyeumbuka kwanza hakuwa mimi, na hilo ndilo ninalokuja kulisema leo.

Kwa aliyechelewa, ni hivi. Saluni yangu ilikufa. Bustani ya nyanya ikaoza kwa mvua. Mume wangu akaenda Tunduru kutafuta madini, akapata mwanamke. Nikabaki Matogoro na mtoto mmoja na mdomo mrefu. Ndipo benki ikaja na mpango wa kuwainua wanawake wafugaji wa nguruwe, nami nikajiunga na kikundi cha Amka Mama. Nikapata nguruwe sita, banda la mbao, na fulana ya benki iliyoandikwa Mwanamke Jasiri mgongoni.

Mara ya mwisho mliniacha bandani, asubuhi ya Jumatano ya Majivu, nimeshika ndoo ya pumba. Nguruwe wangu jike, yule mkubwa, alikuwa amelala na hataki kula. Masikio yake yalikuwa mekundu. Na siku hiyohiyo, saa nne, benki ilikuwa inakuja kunikagua.

Hapa lazima niwaeleze ujinga wetu, maana bila huo hamtaelewa lolote.

Benki ilitaka kila mwanachama awe na nguruwe kumi ndipo kikundi kiende hatua ya pili. Hatua ya pili ilikuwa bucha. Bucha ya kisasa mjini, yenye jokofu na meza ya kioo, benki inaijenga na sisi tunaiendesha. Mwanachama bora ndiye angekabidhiwa funguo na kuwa msimamizi. Na mmoja akikwama, wote wamekwama.

Tulikuwa wanawake kumi na mmoja. Mwenye nguruwe kumi wa kwake alikuwa mmoja tu. Wengine tulikuwa na fulana.

Basi tukaanza kuazimana. Leo unakaguliwa wewe, wenzako wanakuletea nguruwe asubuhi na mapema, wamefungwa kamba mguuni, wanapitishwa njia za nyuma. Kesho anakaguliwa mwingine, msafara unahamia kwake. Tuliita kuvalisha banda. Mwenyekiti wetu, Mama Imaculata, ambaye hakuna kamati parokiani aliyoikosa, alichora ratiba akaibandika nyuma ya mlango wa jikoni kwake. Dume lake moja lenye sikio nusu lilipigwa picha na benki mara tano, kila mara likiwa mali ya mtu mwingine.

Na afisa wa benki hakuona kitu.

Jina lake Ramson. Alikuwa anafika na viatu vilivyochongoka mbele, anavifunga mifuko ya nailoni, anasimama hatua tano kutoka bandani na leso puani, kisha anahesabu kwa kidole. Huyo ndiye aliyetufundisha ufugaji kwa siku tatu kwenye semina, kwa picha za ukutani. Nilimdharau tangu siku ya kwanza. Lakini nilikuwa namwita "afisa wetu" kwa sauti ambayo hata mume wangu hakuwahi kuisikia.

Sasa huyo mmoja mwenye nguruwe kumi. Huyo aliitwa Kunegunda.

Kunegunda ni mjane, anakaa juu kabisa, karibu na msitu. Alianza na kitoto kimoja cha nguruwe alichopewa na masista alipofiwa na mumewe. Wakati huo wa ukaguzi alikuwa nao kumi na wanne. Kwenye semina alikuja na mabuti ya mpira, ananuka pumba, na Ramson alipomuuliza maana ya biashara endelevu alisema, "Ni kuamka mapema, mwanangu." Tulicheka hadi soda zikatutoka puani.

Mlangoni kwa banda lake aliweka beseni la maji yenye dawa. Hakuna aliyeingia bila kukanyaga humo. Tulicheka na hilo pia. Mimi nilimwita paroko wa nguruwe, jina likamkaa.

Ukiniuliza leo kwa nini nilimdharau, nitakujibu. Alikuwa anafanya kweli kile ambacho sisi tulikuwa tunakiigiza, na hakujua hata kujisifu.

Jumatano ile saa mbili alifika kwangu na nguruwe wanne wa kuazima. Mimi nilikuwa wa mwisho kwenye ratiba. Sita wangu na wanne wake, kumi. Wote wawili tulikuwa na majivu kwenye paji la uso, tumetoka misa ya kwanza.

"Hodi, Mama Saimon. Nimewaletea na pumba zao, wasije wakakumalizia zako."

"Waingize haraka, Kunegunda. Ramson hachelewi."

Aliingia bandani, akamwona jike langu. Akachuchumaa, akamwekea kiganja nyuma ya sikio.

"Huyu ana joto."

"Ana mimba."

"Mwenye mimba halali hivi. Tangu lini hajala?"

"Kunegunda, wewe umekuja kuniletea nguruwe au kunifundisha kufuga?"

Akaondoa kiganja. Huo ndio ubaya wa Kunegunda, ukimpandishia sauti kidogo tu anaamini wewe ndiye unayejua.

"Haya, dada," akasema. "Mimi nilikuwa nauliza."

Na hapo ndipo ilipo dhambi yangu, isomeni vizuri msiniulize tena kwa simu. Nilijua. Mwaka juzi homa ya nguruwe ilipopita hapa Songea niliona masikio kama yale kwa jirani, na niliona jinsi nguruwe wake kumi na saba walivyoisha kwa wiki mbili. Nilijua haina chanjo, haina dawa. Nilijua nikimruhusu Kunegunda kuingiza wanne wake, nawaingiza kaburini.

Nikafungua mlango wa banda.

Ramson alifika saa nne na dakika kumi. Nilikuwa nimemsukumia jike ukutani na kumtandazia majani makavu. Nikajiweka mbele yake, na fulana yangu ya ujasiri.

"Moja, mbili, tatu," Ramson akahesabu. "Yule pale mbona amelala?"

"Anapumzika, afisa wetu. Nguruwe akishiba analala. Ni kama wanaume."

Akacheka. Mwanaume ukimchekesha haangalii tena.

"Kumi kamili," akasema. Akapiga picha. "Mama Saimon, nikwambie ukweli. Wengi wanafuga kwa mazoea. Wewe unajieleza. Bucha inahitaji mtu anayejieleza. Ripoti yangu inaondoka leo kwenda makao makuu, na jina la msimamizi ni lako."

"Na Kunegunda?"

"Yule mwenye mabuti?" Akafuta viatu vyake, ambavyo havikuwa na kitu. "Yule ni mfugaji mzuri. Lakini utamweka vipi mbele ya wateja?"

Nikamshukuru kwa mikono miwili.

Saa nane jike langu alikufa. Nilichimba shimo nyuma ya migomba, mvua ikininyeshea, ardhi laini, jembe linazama lenyewe. Majirani walikuwa ndani. Majivu ya Padri yalikuwa yananitiririka puani. Kama ingekuwa siku nyingine ningesema nimechinja, lakini Jumatano ya Majivu ni Mkatoliki gani achinje nguruwe?

Saa tisa Kunegunda akaja kuwachukua wake.

Ilikuwa nafasi yangu ya kwanza. Ningesema, "Usiwapeleke kwako, waache hapa, wangu amekufa." Angewapoteza wanne, angebaki na kumi. Sentensi moja tu.

"Benki wamesemaje?" akauliza.

"Tumepita."

"Mungu mkubwa." Akafurahi kabisa, kama aliyepita ni yeye. "Na yule jike?"

"Nimemhamishia kwa shemeji, apate utulivu."

"Umefanya vizuri. Mjamzito hataki kelele."

Akawafunga kamba wanne wake. Kabla ya kuondoka akaniachia debe la pumba lililobaki. Nikalipokea. Nikasimama mlangoni nikimtazama anavyopanda nao kilima, anawasemesha njiani kama watoto wa shule.

Alhamisi nikauza watano waliobaki. Mchuuzi mmoja wa Makambako alikuwa anapita na lori, hakuuliza swali. Kule walikoshukia sijui, na sitaki mniambie.

Siku ya tisa, Alhamisi nyingine, Kunegunda akaja tena.

Hakubisha hodi. Alikaa kwenye gogo nje ya jiko langu, mabuti yana tope hadi magotini. Nilimkuta hapo nilipotoka kumwaga maji.

"Wamekufa saba," akasema. "Jana wawili, leo watano. Kwa jirani yangu Bibi Zenobia wamekufa watatu. Nimekuja kwako kwa sababu benki walisema wewe ndiye unayejua. Niwape nini?"

Sijawahi kusikia swali linalouma namna ile.

"Mpigie bwana mifugo," nikasema.

"Nimempigia. Anakuja kesho." Akatupa macho bandani kwangu, akaona patupu. "Wako wako wapi?"

Mtu akizoea uongo, ulimi hautafuti tena.

"Wamekufa," nikasema. "Wote."

Kunegunda akainuka. Akaenda hadi bandani, akashika ubao, akachungulia ndani kwa muda mrefu. Aliporudi hakuweza kunitazama.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nini?"

"Nilikuletea wanne. Walikaa na wako siku nzima. Kumbe walikuwa nao ugonjwa, mimi sikuona. Nilikuwa najifanya najua, na beseni langu la dawa." Akapiga magoti kwenye tope. "Nisamehe, dada. Umepoteza kila kitu kwa sababu yangu."

Nilimwinua. Ndiyo, nilimwinua, hata nikamfuta tope. Lakini sikusema.

Nilimwambia, "Ni mambo ya Mungu, Kunegunda." Na Mungu nikambambikia yangu.

Jioni ile Mama Imaculata akatuita nyumbani kwake, sisi wawili tu. Ni mtu mzima, tukampa shikamoo, akaitikia bila kunyanyua macho. Alikuwa ameshaibandua ile ratiba mlangoni.

"Kajetani amepiga karantini kwa simu, hata hajafika," akasema. Kajetani ndiye bwana mifugo wa kata, mtu mkimya ambaye hajawahi kula hata kipande cha bure. "Kesho kutwa anataka kikundi chote ukumbini, na Ramson atakuwepo. Atauliza ugonjwa umeanzia wapi. Mkimwambia tulikuwa tunaazimana, benki inafunga kitabu chetu. Bucha hakuna. Wanawake kumi na mmoja wanarudi kukaanga vitumbua."

"Mimi nitasema ni nguruwe wangu," Kunegunda akasema. "Ndiyo kweli."

"Kweli, lakini walifikaje kwa Mama Saimon?" Imaculata akauliza. "Hawakufika. Umenielewa? Wewe ulinunua kitoto Madaba, mnadani, bila kibali. Kikakuletea ugonjwa, upepo ukaupeleka kwa wenzako. Basi."

"Nitafukuzwa kikundini."

"Utafukuzwa. Katiba inasema hivyo, anayeleta ugonjwa anatoka, na benki haimtazami tena. Lakini utakuwa umewaokoa kumi."

Kunegunda akanigeukia.

"Mama Saimon, wewe ndiye uliyeumia zaidi. Ukisema nifanye hivyo, nitafanya."

Mnaona alivyoniweka? Hakimu akawa mimi.

Nikasema, "Fanya hivyo."

Usiniulize nililalaje. Nililala vizuri, na hilo ndilo linalonitisha hadi leo.

Jumamosi tulijaa kwenye ukumbi wa parokia. Wanachama kumi na mmoja, tumevaa fulana zetu, mgongo mmoja jasiri nyuma ya mwingine. Nyuma walisimama majirani waliofiwa na nguruwe, akiwemo Bibi Zenobia, mikono kiunoni. Mezani alikaa Ramson, na mbele yake bahasha ya kaki na funguo mbili kwenye kamba nyekundu. Pembeni yake Kajetani na daftari.

Ramson alianza kwa kuzungumza juu ya changamoto. Alizungumza robo saa. Nyie mnaohudhuria semina mnalijua neno hilo, likitajwa mara nyingi ujue hakuna anayetaka kutaja jina la mtu.

Kajetani akamkatiza.

"Kunegunda, simama, mama. Wamekufa wangapi?"

"Kumi na mmoja, daktari. Wamebaki watatu."

"Hao watatu itabidi wauawe na kuzikwa leo. Unaelewa?"

"Naelewa. Mmoja ana mimba."

"Hata mwenye mimba." Alisema taratibu, hakuifurahia kazi yake. "Sasa niambie, ulianzia wapi?"

Kunegunda akanyoosha mgongo. Akasema kama mtoto anayejibu maswali ya komunyo ya kwanza.

"Nilinunua kitoto mnadani Madaba. Bila kibali."

Nyuma watu wakanguruma. Bibi Zenobia akasema kwa sauti, "Na huyo ndiye wa kutukanyagisha dawa mlangoni kwake. Mnafiki." Mwingine akasema alijua tu, mjane yule ana tamaa.

"Mnada wa siku gani?" Kajetani akauliza.

Kunegunda hakuwa amefundishwa siku.

"Wa... wa mwezi uliopita."

"Kitoto dume au jike?"

Kunegunda akashika pindo la fulana yake.

"Aliyekuuzia ni nani?"

Na Kunegunda, ambaye hajui kudanganya kama vile mimi nisivyojua kunyamaza, akafanya kosa moja. Akageuka akanitazama. Hakunitazama kwa lawama. Alinitazama anavyotazama mtu akisahau maneno ya sala na jirani yake anayajua. Alitaka nimsaidie kuudanganya ukumbi kwa faida yangu.

Sijui nini kilinisimamisha. Msinipe sifa, sikuwa nimekusudia. Miguu ilinyooka, basi.

"Anadanganya," nikasema. "Hajawahi kununua kitu Madaba. Ugonjwa ulianzia kwangu. Jike langu alikuwa na homa Jumatano ya Majivu, nilimwona, nikaficha. Kunegunda alinikopesha wanne ili benki ihesabu kumi. Aliwachukua siku hiyohiyo wakiwa wameshaambukizwa. Mimi ndiye."

Nikangoja dari lianguke.

Halikuanguka. Mtu mmoja nyuma akasema, "Maskini." Mwingine akaguna, guno lile la msibani. Nikasikia mwanamke analia, na aliyekuwa analia ni mwanachama mwenzangu, mtunza hazina, mwanamke ambaye hajawahi kulia hata kwenye mazishi ya mama mkwe wake.

Mama Imaculata alishasimama.

"Wapendwa," akasema, "mnaona moyo wa mwanamke huyu? Amefiwa na nguruwe wake wote, na bado anataka kumbebea mwenzake msalaba. Hiyo ndiyo Kwaresima. Hiyo ndiyo Amka Mama."

Wakapiga makofi. Nawaambia wakapiga makofi. Nimekaa miaka arobaini na miwili nikiwadanganya watu na wananiamini, siku moja nimesema kweli, wakaona ni utakatifu.

"Sijambebea mtu msalaba," nikasema. "Nawaambia kilichotokea."

Imaculata akaniinamia sikioni, akazungumza Kingoni, ambacho Ramson hakijui hata salamu. Alisema nikiongeza neno moja zaidi, jioni ile wanawake tisa watakuja kwangu na mapanga, na yeye atakuwa mbele. Kisha akaugeukia ukumbi, akanishika bega kwa upendo.

Ramson naye alikuwa amefuta macho. Lakini nilimwona alivyokuwa anaitazama ile bahasha.

"Mama Saimon," akasema, "huruma yako imenigusa. Lakini mimi mwenyewe nilikagua siku hiyo. Ripoti iko makao makuu. Nguruwe kumi, wazima, picha ipo. Ukisema walikuwa wagonjwa, unasema mimi sikuona?"

"Hukuona."

"Niliona," akasema, na sasa hakuwa anatabasamu. "Niliona, nikasaini. Benki haiwezi kuwa na ukweli wa aina mbili. Wewe ni mwathirika. Mpango wetu unamrudishia mwathirika nguruwe wake, na unampa bucha, kwa sababu mtu mwenye moyo kama wako ndiye tunayemtafuta. Aliyekiuka utaratibu ni huyu mama, na amekiri mwenyewe."

Akazisukuma zile funguo mbele, upande wangu wa meza.

Huyo ndiye msomi wetu. Nguruwe wote wa Matogoro walikuwa wanakufa, na yeye alikuwa anaokoa picha.

Kajetani peke yake hakupiga makofi. Alikuwa ameshika kalamu juu ya daftari, ananitazama. Nadhani ningeendelea kidogo angenisikia. Nadhani hivyo, lakini sina uhakika, na sasa sitajua.

Kwa sababu Kunegunda alizungumza kwanza. Alikuwa bado amesimama. Ukumbi ukamgeukia, maana mshtakiwa akiongea kila mtu anataka kusikia.

"Dada Lidwina," akasema. Hakuna aliyekuwa ananiita kwa jina langu miaka mingi, wote wananiita Mama Saimon. "Mimi nitakuamini wewe, si wao. Unasema kweli, au unanihurumia?"

Angeniuliza kwa hasira, ningemjibu vizuri. Angenitukana, ningemwambia kweli kwa kumkomoa. Lakini aliniuliza kama anayenipa kazi yangu, na yuko tayari kuichukua popote nitakapoiweka. Nikisema kweli, jina lake linasafishwa mbele ya Bibi Zenobia na wote, anabaki kikundini, na bucha kama itajengwa ni yake kwa haki. Nikisema namhurumia, anatoka pale mkwepa kibali, mjane mwenye tamaa, maisha yake yote.

Nikamtazama Imaculata. Nikawatazama wanawake tisa na fulana zao. Nikatazama funguo.

"Nakuhurumia," nikasema.

Kunegunda akatikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei.

"Basi Mungu akulipe," akasema. Na akakaa.

Makofi yakaanza tena. Ramson akasimama, akanikabidhi funguo kwa mikono miwili, mtu akapiga picha. Imaculata akaanzisha wimbo. Nilikuwa nacheka kwenye ile picha, mkiipata mtaona meno yote.

Kajetani akangoja wimbo uishe. Hakuwa ameandika kitu. Akafunga daftari akalitia kwapani.

"Kazi ya leo bado," akasema. "Kunegunda, sheria inataka shahidi wakati wa kuua wale watatu. Mtu wa kusimama na wewe na kusaini. Unamtaka nani?"

Nilijua atakalosema kabla hajafungua mdomo.

"Nataka huyu," Kunegunda akasema. "Ndiye pekee aliyenitetea."

"Sawa," Kajetani akasema. Akanigeukia, sauti ileile ya taratibu. "Tukimaliza kwake, Mama Saimon, tutashuka kwako. Sijaona banda lako. Mimi siandiki kitu ambacho sijakiona." Nikakumbuka kaburi la nyuma ya migomba, moja tu.

Ramson akasema hakuna haja, ripoti ipo. Kajetani alikuwa anavaa mabuti.

Nje mvua ilikuwa imekatika. Kunegunda alinisubiri mlangoni, watu wanampita mbali kana kwamba yeye ndiye homa yenyewe. Nilipomfikia akanishika mkono, ule uliokuwa na funguo, akaufumba ndani ya kiganja chake kigumu.

"Usiponiachia," akasema, "nitaweza kuwaangalia wakifa."

Tukaanza kupanda kilima, Kajetani nyuma yetu.